Mwizi Aliyeshusha Pazia

Mwizi alikuwa amepita kando ya sanduku la muziki la fedha, kando ya wanasesere wenye macho ya kioo, kando ya farasi wa mbao ambaye mfanyabiashara yeyote wa vitu vya kale angemtolea udenda, halafu akachukua kiatu kimoja kibovu cha mtoto. Hilo ndilo lililokuwa likimkera Sajenti Hilary Moxon tangu jana. Wezi alikuwa akiwajua vizuri, na hakuwahi kukutana na mwizi mwenye tamaa ndogo namna hiyo.

Leo ilikuwa siku yake ya pili katika chumba cha watoto cha Jumba la Ketterby, na alisimama mikono mfukoni, kwa sababu bango dogo lenye adabu nyingi lilimwomba asiguse chochote. Kabati la kioo lilikuwa wazi, tupu, skrubu zake zimepangwa juu ya rafu. Chini ya kabati ndipo polisi walipookota bisibisi yenye mpini wa mti uliochongwa herufi mbili, N na P.

“Ni Ned Pashley,” alisema Giles Hebden, meneja wa jumba, mtu wa tai nzuri na subira fupi. “Sijui tunangoja nini.”

Hebden alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kubeza. Bisibisi ni ya Ned, seremala wa jumba. Mlango haukuvunjwa, na funguo za ghorofa hii wanazo watu watatu tu: Ned, Hebden mwenyewe, na Dkt. Imogen Sallis, mhifadhi wa vitu vya kale. Jumapili jioni, kiatu kilipotoweka, Hebden alikuwa York kwa mama yake, na mama yake alikuwa ameshathibitisha kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Dkt. Sallis alikuwa nyumbani na mtoto mgonjwa. Jumatatu asubuhi, kabla polisi hawajaitwa, Ned alionekana akifagia meko ya chumba hiki kwa brashi na kizoleo, kazi ambayo si yake. Juu ya yote, Ned alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kiatu kile kirudishwe kilikotoka.

Kilitoka ndani ya dohani. Kiangazi kilichopita, walipokuwa wakikarabati ukuta wa meko hii hii, Ned alitoa tofali lililolegea, akaingiza mkono, akatoka na kiatu cha ngozi kilichokauka, kisigino kimeliwa upande mmoja. Watu wa zamani walikuwa na desturi ya kuficha kiatu kikuukuu ndani ya dohani, hasa cha mtoto, ili ubaya wowote ukishuka kwa njia ya moshi ukute pameshakaliwa. Kila fundi wa eneo hili la Lincolnshire anajua hivyo, na kila fundi anajua kwamba ukikikuta unakirudisha na kunyamaza. Dkt. Sallis akasema hakirudi. Akakiweka ndani ya kioo, akakitolea mhadhara ambao watu walicheka palipostahili kuchekwa, na wageni wakamiminika Ketterby kuliko wakati wowote. Alhamisi hii gari la makumbusho ya London lilikuwa lije kukichukua, kikaonyeshwe huko mwaka mzima.

“Nitawaambia nini London?” Hebden aliuliza. “Niwapelekee kabati tupu?”

Moxon alimwambia awapigie simu awaombe radhi, maana Waingereza hawajawahi kukataa kuombwa radhi. Kisha akauliza kama ni kweli Ned amekwisha kunyang'anywa funguo.

“Tangu jana mchana. Bodi itakaa Ijumaa, na sioni watafanya nini isipokuwa kumwondoa.” Hebden alitazama viatu vyake. “Silifurahii hilo, Sajenti. Yule mzee alikuwa hapa kabla sijazaliwa.”

Moxon akamwamini. Akamuuliza tena juu ya Dkt. Sallis, ambaye jana alijibu kila swali sawasawa, akiwa amekaa na koti lake zito ndani ya ofisi yenye joto, kibanio cha nywele cha mtoto kimebanwa kwenye mkono wa koti. Hebden alishusha sauti ingawa walikuwa peke yao. Akasema Imogen alifiwa na binti yake Novemba, homa ya uti wa mgongo, msichana wa miaka saba. Alirudi kazini baada ya Krismasi, na watu walikuwa wakijitahidi kutomzungumzisha juu yake.

“Mnajitahidi kutomzungumzisha,” Moxon alirudia.

“Ndiyo. Tumekuwa waangalifu sana.”

Ilimuuma Moxon kusikia hivyo, kwa sababu ni jambo ambalo angelifanya yeye pia.

Beryl Cropper, mwalimu mstaafu aliyejitolea kukaa katika chumba cha watoto siku za Jumapili na Jumatatu na kuwajibu wageni, alikuwa akingoja koridoni na mkoba wake magotini, mnyoofu kama mtu anayesubiri daktari wa meno. Moxon akamkaribisha ndani, akamwomba amweleze chumba alikiachaje Jumapili jioni, hatua kwa hatua.

Bi. Beryl alieleza. Alihakikisha hakuna mgeni aliyebaki, akavuta kamba mlangoni, akazima taa, akatazama kwamba ua kavu la mbaruti liko juu ya kiti cha yaya. Huko Ketterby, kama katika majumba mengi ya aina hiyo, mgeni haambiwi asikae. Anawekewa mbaruti juu ya kiti, wenye miiba yake, naye anaelewa mwenyewe.

“Na madirisha?”

Bi. Beryl akawa mwekundu shingoni hadi masikioni.

“Madirisha yalifungwa.”

“Na pazia?”

Pazia la chumba hicho lilikuwa la kuviringishwa, na lazima lishushwe hadi chini kila jioni, kwa sababu jua la asubuhi huingia upande huo na kula rangi ya zulia. Hiyo ilikuwa sheria ya Dkt. Sallis, na Dkt. Sallis alikuwa akiwafundisha wajitoleaji wote jambo hilo kwa ukali ambao watu wengine huwafundishia watoto kuvuka barabara.

“Niliacha nusu,” Bi. Beryl alisema kwa sauti ya mtu anayekiri mauaji. “Basi la Jumapili halingoji mtu, Sajenti. Nilikuwa nimeshavaa kofia. Nikasema moyoni, Beryl, mara moja tu.”

“Jumatatu ulilikuta vipi?”

“Chini. Mpaka chini kabisa. Nikadhani kuna mtu amenisitiri.” Akafungua mkoba na kuufunga. “Tafadhali usimwambie Daktari. Ana mambo yake mengi, maskini, nisimwongezee na la pazia.”

Moxon akamuahidi. Halafu akauliza kuhusu kiti cha yaya, kile kifupi karibu na meko. Bi. Beryl alifikiri, akasema mbaruti ulikuwa mahali pake asubuhi ile, ila sakafuni palikuwa na vumbi lake, vipande vidogo vya kahawia, na alijiuliza moyoni ni panya gani huyo anayetafuna miiba. Ned alikuwa pale akifagia meko, akafagia na hivyo.

“Alikuwa na hali gani?”

“Ned? Alikuwa analia,” alisema Bi. Beryl. “Alisema ni masizi.”

Moxon alipobaki peke yake alikitazama kiti kile. Kwa hiyo kuna mtu aliyeingia na ufunguo, akafungua kabati, akachukua kiatu, halafu akauondoa mbaruti kwa uangalifu, akakaa. Alipotosheka kukaa, akaurudisha mbaruti. Alipotaka kutoka, akaona pazia limeachwa nusu, na katikati ya wizi wake akakumbuka zulia.

Jana, alipokuwa akimhoji Ned hapa hapa, mzee yule alivua kofia yake na kuitupa juu ya mbaruti bila hata kuangalia. Dkt. Sallis ndiye aliyeiokota, kimya kimya, akaitundika kwenye msumari wa mlango. Moxon alikuwa ameliona jambo hilo akalipuuza, na sasa alijilaumu kidogo, lakini si sana, kwa kuwa kujilaumu ni kazi ya nyumbani. Akashuka kwenda karakana.

Ned Pashley alikuwa akigandisha kwa gundi mguu wa meza ambayo, kama Moxon alivyoambiwa jana, ilinunuliwa enzi za mfalme mmoja mwendawazimu. Kikombe chake cha chai kilikuwa juu ya meza hiyo hiyo, kimeacha duara la maji. Alikuwa na ndevu nyeupe, mikono mikubwa, na kwenye mkanda wake kulikuwa na kulabu ya shaba iliyokuwa ikining'inia bila kitu.

“Bibie amerudi,” alisema. “Chai ipo. Maziwa yananuka kidogo, lakini na mimi nanuka.”

Moxon alikubali chai. Akamwambia Ned kwamba anataka kusikia tena, taratibu, ilikuwaje Jumapili.

“Nimeshakwambia jana. Andika ni mimi.”

“Kiatu kiko wapi?”

“Nimekitupa ziwani.”

“Upande gani wa ziwa?”

“Upande wa maji.”

Moxon akanywa chai, nayo ilikuwa mbaya kama ilivyotangazwa. Akasema nyumba hii imejaa watu wanaosema uongo kwa ustadi, na inamshangaza kwamba yeye, fundi mzuri hivyo, hajawahi kujifunza. Ned akacheka kwa pua. Akamuuliza basi anataka kujua nini.

“Ulipotoka, pazia uliliachaje?”

“Pazia gani?”

“La chumba cha watoto.”

Ned alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya kengele. Akasema pazia lilikuwa pazia, lilikuwa dirishani. Moxon akaweka kikombe sakafuni.

“Jumatatu ulifagia masizi. Yametoka wapi?”

“Ndege. Wanajenga kiota juu.”

“Dohani limezibwa tangu kiangazi, Ned. Uliliziba mwenyewe, umenionyesha.”

Mzee akachukua kitambaa, akaanza kufuta gundi ambayo haikuwepo. Mkono wake mwingine ulikwenda kwenye ile kulabu ya mkanda, ukaipapasa, ukashuka. Moxon aliona, na moyo ukamwuma kwa namna ambayo hakuipenda akiwa kazini. Mtu huyu aliingia Ketterby akiwa kijana wa kubeba mbao, akamzika mkewe kwenye kanisa linaloonekana kutoka dirisha hili, na hakuna mlango wa jumba hili ambao hakuwahi kuurekebisha bawaba.

“Bisibisi ulimwazima nani?”

“Sikumbuki.”

“Watakufukuza Ijumaa.”

“Mimi sina mtu nyumbani wa kumwonea aibu, bibie,” Ned alisema. “Nikinyang'anywa funguo, ni funguo. Kuna mwingine akiongezewa hata unyoya tu, atavunjika. Sasa kunywa chai yako au uimwage, nina kazi.”

Hapo Moxon akajua anamlinda nani. Alichohitaji sasa ni kukiona kiatu chenyewe.

Wageni walikuwa wakipita koridoni na miongozo yao ya sauti masikioni, wakinong'ona kama watu walio kanisani. Moxon akapita chini ya kamba, akafunga mlango wa chumba cha watoto nyuma yake, akavaa glavu. Akapiga magoti mbele ya meko, akaingiza kichwa na tochi ndani ya dohani. Matofali yote yalikuwa meusi. Juu kidogo, mkono wa kushoto, palikuwa na moja ambalo chokaa chake kilikuwa cheupe na laini, kimesawazishwa kwa kidole badala ya mwiko. Ned hangefanya kazi ya hovyo kiasi hicho hata angekuwa kipofu.

Chokaa kilikuwa bado kinakubali kisu. Tofali likatoka. Ndani ya shimo mkono wake ukagusa karatasi, na alipovuta likatoka furushi dogo la karatasi nyeupe laini, ile ya wahifadhi, limekunjwa pembe kwa pembe kama shuka la hospitali. Alilifungua sakafuni. Kiatu kilikuwa pale, kimekunjamana, kizee, hakijadhurika hata kidogo.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mpelelezi haachi shimo bila kulipapasa mpaka mwisho, akarudisha mkono, na nyuma kabisa kulikuwa na furushi la pili. Karatasi ile ile, mkunjo ule ule.

Kilikuwa kiatu cheusi cha shule, cha kufungwa kwa mkanda wa kubandika, kama wanavyovaa watoto wote wa nchi hii kuanzia Septemba. Ncha yake ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa kijivu, kwa sababu mwenye kiatu alikuwa akisimamisha skuta yake ya kitoto kwa mguu. Ndani, chini ya ulimi, kulikuwa na kile kitambaa kidogo cha jina ambacho mama hushona kabla shule hazijafunguliwa. H. Sallis.

Sajenti Moxon alikaa chini juu ya visigino vyake. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi hii, akatoka nazo salama. Kiatu hiki alishindwa kukitazama, na alishindwa pia kuangalia pengine.

Mlango ukafunguliwa. Dkt. Imogen Sallis alisimama na koti lake, akatazama sakafu, akatazama karatasi mbili zilizofunguliwa. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili:

“Umevaa glavu?”

“Nimevaa.”

“Asante.”

Akaingia, akafunga mlango. Akakiendea kiti cha yaya, akauinua mbaruti kwa vidole viwili, akauweka sakafuni, akakaa. Moxon akamwambia hahitaji kusema lolote kabla hajapata wakili. Imogen akatikisa kichwa. Alianza kusema kwa sauti ya mtu anayetoa mhadhara, na sauti hiyo ilimfikisha mbali kiasi.

Alisema binti yake, Hattie, alilalamika kuumwa kichwa wakati wa chai ya jioni, na mama yake akamwambia apunguze televisheni. Kufikia asubuhi yake alikuwa amekufa. Alisema hajawahi kuamini habari za viatu. Akiwa shuleni aliandika juu ya desturi hiyo, chuo kikuu akaiandika tena, alijua tarehe na majina ya wataalamu wote. Baada ya mazishi Ned alimjia, akamwambia tu pole, wala hakugusia dohani, na hapo ndipo alipojua kwamba Ned alikuwa akilifikiria.

“Siamini hata sasa,” alisema. “Nataka uandike hivyo, Sajenti. Mimi siamini.”

“Sawa.”

“Jumamosi Kit akapata homa.” Kit alikuwa mtoto wake wa pili, wa miaka mitatu. “Usiku kucha anawaka moto, mimi nimemshika, na nikakumbuka gari la London linakuja Alhamisi. Hakuna kingine kilichoingia kichwani. Nilikuwa nawaza kwamba wa kwanza alikufa kikiwa kwenye kioo, na sasa nakitoa nje ya nyumba kabisa. Jumapili mama yangu akaja kumkalia Kit. Nikaja huku.”

“Na Jumatatu?”

“Jumatatu asubuhi aliomba mkate wa kuchoma. Akamwaga maziwa yote mezani, akacheka.” Sauti ya mhadhara ikamwishia hapo. Akafunika uso kwa mkono wa koti, ule wenye kibanio cha nywele, akalia bila kelele, namna watu hulia katika nyumba yenye wageni.

Moxon akangoja. Halafu akauliza, kwa kuwa lazima aulize, juu ya kiatu cha pili.

“Kilikuwa mlangoni tangu Novemba. Alikuwa akivivulia pale pale, kimoja huku kimoja kule, kila siku namgombeza. Sikuweza kuviondoa na sikuweza kuvipita. Kile cha zamani nilipokiweka, nikaona shimo ni kubwa.” Alipumua. “Kingine ninacho nyumbani.”

“Ned amenyang'anywa funguo kwa ajili yako.”

“Najua.”

“Bisibisi yake uliisahau hapa. Asubuhi yake akaona masizi na chokaa kibichi, akayafagia ili kukusitiri, na tangu jana ananiambia ni yeye. Ijumaa watamwondoa.”

“Najua. Leo asubuhi niliamka nikasema nitamwambia Giles. Kit akapiga chafya, nikasema kesho.”

Moxon alimweleza mambo yalivyo, pasipo kuyapamba. Kiatu hakikutoka nje ya jumba, kwa hiyo kwake hapakuwa na wizi, na polisi watafunga jalada. Lakini Hebden hataki jalada, anataka jina, na jina analo. Kumtoa Ned kwenye midomo ya watu kuna njia moja tu, nayo ni kiatu hicho kirudi mezani kwa Hebden, mikononi mwa aliyekichukua.

“Yaani kitoke tena humo,” Imogen alisema.

“Ndiyo.”

“Halafu Alhamisi kiende London.”

“Hilo si langu kuamua, Daktari. Wala si lako tena, nadhani.”

Imogen alikitazama kiatu cha kale kwa muda mrefu. Huko nje mgeni mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha. Moxon alifahamu vizuri anachomwomba mwanamke huyu, na alijua kwamba hana namna ya kumwomba kwa upole zaidi. Mwishoni Imogen akainuka, akatoa glavu mfukoni mwa koti, maana hakuwahi kukosa glavu mfukoni, akazivaa. Mikono ilipogusa ngozi ile ya kale ikafanya kazi yenyewe, kwa mazoea. Akakikunja kiatu katika karatasi yake.

“Na hiki?” aliuliza, akikitazama cheusi.

“Hicho si mali ya jumba,” alisema Moxon. “Sina sababu ya kukiandika.”

Kwa Hebden hawakukaa sana. Imogen alisimama, akaweka furushi mezani, akasema alilolifanya kwa maneno machache, bila kumtaja Kit na bila kumtaja Hattie. Hebden alikuwa amejiandaa kumkasirikia Ned, na hasira ile haikujua sasa iende wapi. Alisema Imogen, oh, Imogen, ungeniambia tu, na uso wake ukaonekana ukijiuliza ni wakati gani hasa tangu Novemba angeweza kuambiwa. Kisha akasema, kwa upole na kwa huzuni ya kweli, kwamba itabidi aombe funguo zake mpaka bodi ikae. Imogen akaziweka mezani. Za Ned zilikuwa bado palepale, karibu na kalamu, na Moxon akazichukua mwenyewe.

Ned alizipokea karakanani, akazitundika kwenye kulabu. Aliposikia kwamba Imogen amekiri, akasonya.

“Ulimlazimisha.”

“Nilimwambia mambo yalivyo.”

“Ndiyo hivyo hivyo,” alisema mzee. “Shimo liko wazi sasa?”

“Liko wazi.”

Akachukua ndoo ya chokaa na mwiko. Hakuuliza zaidi. Walipanda ngazi za nyuma, zile za watumishi wa zamani, Ned mbele na Moxon nyuma, na Moxon akaona kwamba mzee anapumzika katikati ya ngazi na kujifanya anakagua mbao.

Imogen alikuwa amepiga magoti mbele ya meko. Alikuwa amekikunja upya kile kiatu cha shule, pembe kwa pembe, na amekishika kwa mikono miwili, mara hii bila glavu. Ned aliona ukubwa wa furushi, akaelewa. Akavua kofia. Akaitazama ile kofia, akaenda kuitundika kwenye msumari wa mlango.

“Watu wa zamani waliweka kikuukuu,” Imogen alisema bila kugeuka. “Kipya hakifai, Ned. Lazima kiwe kimeshachukua umbo la mguu.”

“Ndivyo walivyosema, binti yangu.”

“Alikivaa tangu Septemba tu. Kitafaa?”

Ned akashuka kwenye magoti yake kwa shida, kando yake, akaweka ndoo chini.

“Kitafaa,” alisema. “Alikuwa anakimbia sana yule.”

Zaidi ya pole, hakuna mtu Ketterby aliyewahi kumwambia Imogen kitu chochote juu ya binti yake tangu Novemba, wala kwamba alikuwa akikimbia, wala kwamba aliwahi kuwepo. Alikaa akimtazama mzee, mdomo wazi kidogo. Halafu akainama chini ya dohani, akanyoosha mkono ndani ya shimo hadi begani, akakiweka nyuma kabisa. Alikaa hivyo, shavu lake kwenye masizi, mkono bado ndani.

“Mwangalie mdogo wako,” alisema.

Ned alingoja mpaka mkono ulipotoka. Akapaka chokaa, akasukuma tofali mahali pake, akasawazisha kwa mwiko, vizuri, kama kazi inavyotakiwa. Jua la kabla ya adhuhuri lilikuwa bado linaingia kwa pembeni, likaligusa zulia ukingoni. Hakuna aliyekuwa akiliangalia. Sajenti Moxon, ambaye hakujua aifanye nini mikono yake, akauokota mbaruti sakafuni, akaurudisha kitini, akaenda dirishani akashusha pazia.